Masika ya Kununua Kumbukumbu

Tarehe 3 Machi

Mvua imeingia leo mchana bila kubisha hodi. Nilikuwa kwenye kompyuta nachora ngazi za nyumba anayotaka kujenga mteja wangu, Mwalimu Mstaafu, nikasikia bati la juu linapigwa kama limemwagiwa kokoto. Mama mkwe akaita kutoka sebuleni, "Imefika!" Kisha akaenda kuosha kikombe kikubwa cha mwanawe, kile chenye mkono uliokatika, ambacho hakuna mwingine humu ndani anayekinywea.

Daftari hili ni jipya na halitujui, kwa hiyo nieleze. Mume wangu ni dereva wa greda kwenye kampuni ya kujenga barabara. Kiangazi chote anakaa kambini, anasawazisha udongo. Mvua ikianza udongo unakuwa uji, greda zinalala, na madereva wanarudishwa makwao mpaka ardhi ikauke. Wanawake wenzangu wanachukia masika kwa sababu ya tope na nguo zisizokauka. Mimi tangu niolewe nayasubiri kuliko sikukuu yoyote. Masika ndiyo mume wangu.

Atafika wiki hii.

Tarehe 5 Machi

Ndoo nimeiweka pale koridoni, chini ya tundu la paa. Kila mwaka yeye hupanda kuliziba, na kila mwaka maji hutafuta mahali pengine. Tumezoeana, sisi na tundu.

Kompyuta imeganda mara tatu. Nikifungua ramani ya nyumba nzima pamoja na picha ya mbele, mshale unasimama na mimi nasimama. Akija ataifungua, ataipuliza vumbi, ataiongezea kumbukumbu, ile wanayoiita ram. Hiyo ni kazi yake ya masika, na mimi hukaa kwenye kigoda kumshikia tochi na kumwambia anakosea.

Tarehe 6 Machi

Hajafika. Pengine njia imeharibika.

Tarehe 8 Machi

Amepiga simu. Sauti ilikuwa safi mno, haikukatikakatika hata mara moja, na hapo hapo nikajua hayuko kambini, maana kambini lazima apande juu ya greda ndipo apate mtandao.

"Uko wapi?" nikamuuliza.

"Karakana kuu, Rula."

Rula ni mimi. Ananiita hivyo tangu tulipokuwa wachumba, kwa sababu ya kazi yangu, na pia anadai kwamba sipindiki. Mimi namwita Greda. Anajua kwa nini.

Basi akanieleza. Kampuni imepata mitambo mipya na vijana wengi wasiojua kuiendesha, ikamwomba akae karakana masika haya awafundishe chini ya banda. Wakiridhika naye, watampa kazi hiyo moja kwa moja: mwalimu wa madereva, kiangazi na masika, mwaka mzima huko huko. Wanataka jibu kabla Aprili haijaisha. Chumba watampa, lakini cha mtu mmoja.

"Unaonaje?" akauliza.

Nilikuwa nimesimama karibu na ndoo. Maji yalikuwa yanadondoka.

"Fanya unavyoona ni sawa," nikamwambia. "Sisi tuko salama, usijali."

Akasema sawa. Kabla hajaaga, mama mkwe alishaninyang'anya simu. "Wewe, unakuja lini? Mimi nimekukumbuka. Eti karakana! Karakana ndiyo iliyokuzaa?" Niliona aibu mpaka nikaingia jikoni. Mtu mzima hambani mwanawe namna ile, kama anayedai chenji.

Nataka kuandika hapa nilichotaka kumwambia, kwa sababu daftari siwezi kupokonywa. Nilitaka kumwambia arudi. Lakini nataka arudi kwa sababu mwenyewe anataka, si kwa sababu nimemwita. Nikimwita, nitajuaje?

Tarehe 9 Machi

Ndoo imejaa mara mbili.

Tarehe 12 Machi

Mwalimu Mstaafu amekuja na mwavuli wake uliovunjika mbavu. Anataka madirisha mawili ya mbele yawe matatu. Juzi yalikuwa matatu akataka mawili. "Binti yangu," akaniambia, "ramani iwe tayari mvua ikikatika. Ardhi ikikauka tu, nachimba msingi. Mimi sina umri wa kungoja masika mengine." Nikamwonyesha madirisha kwenye kompyuta, ikaganda. Tukakaa tunaitazama kama wagonjwa wawili wanaomngoja daktari.

Alipoondoka nikaona sina tena mtu wa kumngoja kwa jambo hili. Nikaenda kwa fundi.

Duka lake limebanwa kati ya kinyozi na muuza rangi. Watu wote wanamwita Subiri, kwa sababu mteja hajamaliza salamu keshaambiwa neno hilo.

"Subiri, dada. Haya, sema."

"Nataka kumbukumbu yenye mbio kuliko zote."

"Kazi gani unafanyia?"

"Nachora ramani za nyumba."

"Iliyomo ni kiasi gani?"

"Gigabaiti nane."

"Basi shida yako ya kwanza si mbio, ni nafasi." Akaweka bisibisi chini. "Una meza ndogo na karatasi kubwa. Mikono iwe na mbio namna gani, karatasi zitaanguka tu. Ongeza nane nyingine, meza iwe pana. Hapo ndipo tuzungumze mbio."

Akanipangia vipande juu ya kaunta, vyembamba kama vitana: kasi 2400, kasi 2666, kasi 3200, kasi 3600. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kile cha mwisho.

"Bodi yako, ule ubao mkubwa wa ndani hivi vinakochomekwa, inaishia kasi ngapi?" akauliza.

"Sijui."

"Sasa unanunua viatu bila kujua mguu? Bodi ikiishia 3200, hiki cha 3600 kitatembea 3200, na ile ziada utakuwa umeinunua kwa ajili ya kuitazama. Rudi nyumbani, fungua, soma jina la bodi, uniletee."

Nimerudi nimelowa mpaka soksi, bila kitu.

Tarehe 13 Machi

Nimefungua kompyuta mwenyewe. Mume wangu alinielekeza kwa ujumbe: skrubu mbili za nyuma, vuta ubavu wa kushoto. Vumbi la kiangazi chote lilikuwa mle. Jina la bodi nimeliona katikati, na pembeni yake kipande cha kumbukumbu alichokitia yeye masika yale tulipohamia nyumba hii. Kina karatasi ndogo iliyoandikwa 2133. Nilikifuta kwa kidole ingawa hakikuwa na vumbi zaidi ya vitu vingine mle.

Tarehe 14 Machi

Subiri ameliangalia jina la bodi, akasema bodi na prosesa vyote vinaishia 3200.

Nimemwandikia mume wangu. Amejibu saa hiyo hiyo, jambo ambalo si kawaida yake. Tumeandikiana siku nzima. 2400 au 2666? 2666 inatosha. Mbona si 3200? Tofauti utaiona kwenye picha kubwa tu. Basi mimi nina picha kubwa. Basi chukua 3200. Na ile ya zamani? Iache palepale, bado nzima.

Hakuna aliyesema neno lingine lolote. Nimezisoma tena jumbe hizo jioni, tarakimu tupu, nikajikuta nacheka, halafu sikucheka tena.

Tarehe 16 Machi

Nimenunua kipande cha 3200. Subiri alikuwa anakifunga kwenye mfuko akaanza, "Subiri nikwambie jambo moja kuhusu kile cha za—"

"Kaka yangu," nikamkata, "masika haya nimeshasubiri ya kutosha."

Akanipa mfuko wangu.

Tarehe 17 Machi

Leo nimekitia. Mama mkwe alishika tochi, na simu tuliiweka juu ya kabati ikiwa na sauti ya mume wangu ndani. "Fungua vishikio vya nafasi ya pili. Angalia ule mkato, uelekee sawa. Sasa bonyeza pande zote mbili, usiogope, kitalia ka!" Hapo akaitwa na watu wake, tukasikia mlango, basi. Nikabaki na kidole juu ya kipande.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," mama mkwe akasema. "Bonyeza, mwanangu."

Kikalia ka.

Imewaka. Ramani ya nyumba nzima imefunguka pamoja na picha ya mbele, na sikuganda wala haikuganda. Nikamwandikia mume wangu kwamba nimeweza. Amejibu, "Hongera. Sasa huna haja ya fundi." Nilidhani ningefurahi zaidi kusoma hivyo.

Halafu nimeona jambo. Kwenye skrini ile ya mwanzo imeandikwa kasi 2133. Nimezima, nimewasha. 2133.

Tarehe 18 Machi

Nimekwenda kugombana. Nimemwambia Subiri kwamba ameniuzia kitu kikuukuu chenye karatasi mpya. Kinyozi wa jirani alitoka nje na mashine yake mkononi ili asikose neno.

"Kile cha zamani umekitoa?" Subiri akauliza, bila haraka yoyote.

"Nimekiacha."

"Si nilitaka kukwambia? Ukasema umeshasubiri ya kutosha." Kinyozi akacheka. "Dada, vipande viwili kwenye bodi moja vinatembea pamoja. Chenye mbio hakiwezi kumwacha mwenzake njiani. Kile chako cha 2133 hakiwezi kwenda 3200, kwa hiyo cha 3200 kinapunguza, vinakwenda sawa."

"Kwa hiyo kimeharibika?"

"Kizima kabisa. Kinamngoja mwenzake."

Akanieleza kwamba nikitaka 3200 kamili nitoe cha zamani, ninunue kingine kama kipya, viwe ndugu. Nikamwambia nitafikiri. Njia nzima nilikuwa nakanyaga tope na kusema moyoni, kinamngoja mwenzake. Sikupata kujua mimi ni kipande kipi.

Nyumbani nikamweleza mama mkwe. "Usiache mbachao kwa msala upitao," akasema, akaendelea na redio yake.

Sitakitoa. Nafasi nimeipata, kazi inakwenda. Kasi itakuwa hiyo ya kwake.

Tarehe 23 Machi

Mvua. Dirisha la tatu la Mwalimu Mstaafu liliondolewa tena, leo limerudi.

Tarehe 27 Machi

Amepiga. Vijana wake wanajifunza vizuri, mmoja amegonga nguzo ya banda. Tumecheka. Akauliza, "Habari za hapo?" Nikamwambia ndoo, paa, madirisha. Akauliza, "Karakana wananiuliza jibu. Unaonaje?" Nikamwambia, "Wewe ndiye unayeijua kazi yako."

Mama mkwe akachukua simu. Unakuja lini, nimekukumbuka. Kama redio.

Tarehe 2 Aprili

Nimeota niko kwenye kigoda nimeshika tochi.

Tarehe 5 Aprili

Kompyuta imezimika ghafla nikiwa katikati ya paa la Mwalimu. Nimewasha, imezimika.

Tarehe 6 Aprili

Vivyo hivyo. Skrini inakuwa ya bluu, maandishi meupe, kisha giza. Kazi ya siku mbili nimeirudia.

Tarehe 8 Aprili

Nimeibeba kompyuta nzima kwa Subiri, nimeifunika kwa koti langu, mimi nimelowa yenyewe kavu. Amejaribu kila kipande peke yake. Kile kipya, sawa. Kile cha zamani alipokiacha peke yake, mashine ilizimika mbele yetu sote wawili.

"Kimechoka," akasema. "Kimekutumikia."

Alitaka kukitupa kwenye boksi lake la vyuma. Nikamwambia hapana, nipe. Hakuuliza. Kipya cha pili hana, ameagiza.

Nimekiweka kile kizee kwenye kizingiti cha dirisha, juu ya meza yangu. Nafasi alimokitia mume wangu sasa iko tupu, na nikifungua nyumba nzima, mshale unasimama tena.

Sijamwambia.

Tarehe 11 Aprili

Leo nimegombana na mama mkwe, au yeye amegombana na mimi, sijui nani alianza. Mume wangu alipiga, yakatoka yale yale. Simu ilipokatika nikamwambia, kwa heshima yote niliyokuwa nayo, "Mama, tusimbane kila siku. Ana kazi. Ataona tunamsumbua."

Akazima redio. Sijawahi kumwona akizima redio.

"Mimi namwambia nimemkumbuka kwa sababu nimemkumbuka," akasema. "Ni uongo?"

"Si uongo, mama."

"Na wewe?"

Nikatazama ndoo.

"Mwanangu, mimi nasikiliza hapa kila anapopiga, masikio bado ninayo. Anakuuliza habari unamwambia ndoo. Anakuuliza karakana unamwambia yeye ndiye anayejua. Wewe mwenyewe hujawahi kujitaja. Kama mimi ndiye niliyekuwa huko, ningedhani humu ndani anayenitaka ni mama yangu na ndoo."

Nikataka kumjibu. Badala yake nikaenda kumwaga maji ya koridoni. Miaka yote nimemwona mama huyu hana haya. Leo amenioshea kikombe cha chai akaniletea mezani, na nimeandika ukurasa huu nikiwa nacho mkononi.

Tarehe 14 Aprili

Kipande cha pili hakijafika kwa Subiri. Nimechora ukuta mmoja mmoja.

Tarehe 17 Aprili

Hajapiga wiki hii. Nimeandika ujumbe, "Nakukumbuka." Nimeufuta. Nimeandika, "Mvua bado kubwa." Nimeutuma.

Amejibu, "Pole. Zibeni tundu na nailoni."

Tarehe 20 Aprili

Nusu siku haikunyesha. Niliogopa.

Tarehe 24 Aprili

Kipande kimefika. Nimekitia peke yangu, bila tochi ya mtu, ka, kama vile nimefanya kazi hiyo tangu utotoni. Viwili vinafanana, vyote vimeandikwa 3200. Hakuna wa kumngoja mwenzake. Nikawasha.

2400.

Nilikaa kwenye kigoda nikacheka peke yangu. Mama mkwe alikuja kunitazama mlangoni, akaondoka.

Tarehe 25 Aprili

Nilimpigia Subiri, sikuwa na nguvu ya kutembea.

"Subiri," akasema. "Haya. Umeiambia?"

"Nimeiambia nini?"

"Kasi unayoitaka."

"Kwani imeandikwa kwenye kipande, fundi. Haijui kusoma?"

"Inajua. Lakini bodi ni mtu wa adabu, dada. Ukiitia ram, inachukua mwendo wa usalama, ule ambao haiwezi kukosea. Itakaa hapo hapo miaka mitano. Haitakwenda 3200 mpaka uingie kwenye mipangilio yake uiombe. Watu wengi wamenunua mbio na hawajawahi kuziomba."

Akanielekeza. Zima, washa, bonyeza kitufe mfululizo mpaka ukurasa wa mipangilio utokee. Tafuta mstari wa kumbukumbu. Chagua kasi iliyoandikwa kwenye kipande. Hifadhi.

"Itazimika," akanionya. "Skrini itakuwa nyeusi, itajiwasha na kujizima yenyewe. Usiiguse. Inajipima kama itaweza."

Nikafanya. Skrini ikawa nyeusi. Feni ikaanza, ikasimama. Ikaanza, ikasimama. Mikono niliiweka chini ya mapaja ili isifanye ujinga. Nje mvua ilikuwa inashuka kwa uvivu, ile ya kumalizia. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia Mwalimu Mstaafu kwamba nimeua nyumba yake, ndipo skrini ikawaka na kwenye kona yake ikaandikwa 3200.

Sipendi watu wanaookota mafunzo ya ndoa kila wanapopita. Wakipika wali ukaungua, somo. Wakikosa basi, somo. Lakini nilikuwa nimekaa mbele ya chuma kilichokaa kimya siku nzima kwa adabu kikingoja kuambiwa, na mume wangu aliniuliza ninaonaje tangu mwanzo wa Machi, na mimi nilimpa mwendo wa usalama.

Nikampigia hapo hapo, mchana, saa za kazi. Sikumwandikia, kwa sababu ujumbe unafutika.

Alipokea, na nyuma yake mtambo ulikuwa unanguruma.

"Kuna nini? Mama mzima?"

"Mama mzima. Nataka urudi."

"Nini?"

"Nataka urudi!"

"Sikusikii, Rula. Paa limefanyaje?"

Nikapiga kelele ambayo nadhani hata Subiri aliisikia dukani kwake. "Paa achana nalo! Nimesema ninakutaka wewe urudi!"

Koridoni redio ilizimwa.

"Ngoja," akasema. Nikasikia anaita mtu, mtambo ukazimwa, kukawa kimya kabisa, kimya cha vijana wengi waliosimama wakisikiliza. "Sema tena."

Kusema tena pale pasipokuwa na kelele kulikuwa kugumu mara kumi. Nikasema. Nikamwambia nimemkumbuka tangu mvua ya kwanza. Nikamwambia kwamba sitaki afanye anavyoona ni sawa, nataka arudi hata kama si sawa. Nikamwambia kipande chake cha zamani kimekufa na nimekiweka dirishani.

Nikasikia hatua zake zikitoka bandani.

"Mbona siku zote hukusema?"

"Ulikuwa unauliza ninaonaje."

"Sasa ningeuliza vipi?"

Nikakaza simu sikioni.

"Mimi nilidhani umezoea," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyegeukia ukutani. "Mwanzoni nilisema nitakataa. Halafu ukafungua kompyuta mwenyewe, ukatia mwenyewe, ukanitumia ujumbe kwamba umeweza. Nikasema basi, wale hawana shida tena na mimi. Kesho nilikuwa nakwenda kutia sahihi."

"Kesho hii?"

"Kesho hii."

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu. Mara ya kwanza masika haya hakuninyang'anya simu.

Tarehe 26 Aprili

Hajapiga. Sijala.

Tarehe 27 Aprili

Ujumbe: "Nimewaambia hapana. Wamenuna. Masika yajayo niko nyumbani."

Niliusoma kwa sauti. Mama mkwe akauliza, "Na haya je?"

Nikatazama nje. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu juzi.

Tarehe 30 Aprili

Jua. Amepiga kueleza, akieleza polepole kama anayeshusha mzigo mzito. Aliyekataa karakana anarudi barabarani, na ardhi inakauka, na greda zinaamshwa wiki hii. Lori la kampuni litapita mjini kwetu likipeleka madereva kambini. Ameomba limshushe asubuhi na kumchukua kesho yake alfajiri.

Kwa hiyo masika yangu yote ya mwaka huu ni mchana mmoja na usiku wake. Nimelia kidogo jikoni, kisha nimefua shuka.

Tarehe 3 Mei

Amekuja.

Amekonda, au mimi nimemsahau upana wake. Mama mkwe alimshika uso kwa mikono miwili akamwambia amechelewa, akamjazia kile kikombe. Yeye akanitazama kwa juu ya kikombe, mimi nikatazama meza. Tulikuwa na haya kama watu waliotambulishwa jana.

Hakukaa. Alichukua ngazi akapanda juu ya paa, jua kali, anga haina hata wingu la kusingizia, akaziba tundu. Nilishika ngazi chini. Nilimwambia anakosea upande. Akasema, "Rula, nyamaza," akicheka, na nikajua amefika kweli.

Baadaye alikaa kwenye kiti changu akafungua nyumba ya Mwalimu Mstaafu, akaizungusha, mbele, nyuma, madirisha matatu, bila kukwama.

"Ina mbio sasa."

"Ina."

"Tofauti kubwa?"

"Subiri anasema si kubwa. Kubwa ilikuwa nafasi."

Akakiona kipande chake pale dirishani. Akakichukua, akakipuliza ingawa hakikuwa na vumbi, akakitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo.

Mengine ya leo sitayaandika.

Tarehe 4 Mei

Lori lilipiga honi mbili tu.

Tarehe 6 Mei

Mwalimu Mstaafu amekuja kuchukua ramani yake. Amevaa viatu vikavu na amefurahi kama bwana harusi. Mafundi wake wanaanza kuchimba kesho. Aliikunjua ramani mezani, akaisifu ngazi, akayahesabu madirisha, na safari hii hakugusa hata moja.

Ndoo bado iko koridoni. Mama mkwe ameniuliza kwa nini siiondoi, paa si limezibwa. Nikamwambia maji ya mwaka ujao yatatafuta mahali pengine, afadhali tuwe tayari. Akaipangusa vumbi kwa upindo wa kanga yake na kuirudisha palepale.

Mwalimu alipokuwa anatoka alisimama mlangoni, akatazama juu, akainua mikono. "Mungu atuzidishie jua," akasema. "Mvua ikae mbali sana, mbali kabisa."

Aliningoja niitikie. Sikusema amina.